Resori Zilizokatwa

Butembo, Jumatatu

Kwa mdogo wangu Sadrack, huko Kampala,

"Yaya, gari yenye kubeba viti vya bamama haiwezi kushinda mutu." Uliniambia hivyo mimi kaka yako, ukipanda basi kwenda kutafuta matairi ya mbio, nami nikacheka. Leo nakujibu bila kucheka. Lakini kwanza pokea salamu za nyumba nzima. Ile homa imekuachia? Unakula? Mama anakuulizia kila asubuhi. Mimi mwili ni mzima, mengine utayasoma. Barua anakuletea jirani yetu Lusenge mkononi, kwa sababu nimewakataza wote wasikuambie kwa simu.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya gari yetu. Wewe na wenzako wa chama cha mbio mlitaka viti vya nyuma vitoke ili iwe nyepesi, na resori, zile springi za magurudumu, zikatwe ili ishuke na kushika kona vizuri. Mimi nikasema gari hii inabeba watoto na wagonjwa juma zima, na Jumapili tu ndiyo inazunguka katika kile kiwanja chenu cha vumbi. Donc, yaani, breki mpya sawa, matairi sawa, viti hapana! Nilikuita adui wa familia mbele ya rafiki zako. Ulinijibu kwamba mimi naweza kubishana hata na padri akiwa altareni. Mwishowe tukapatana: wewe uache viti, mimi nikuachie resori. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi.

Mshindi wa nini? Viti vinashikwa na buloni chache za kufungua kwa spana. Ungevitoa asubuhi, ukavirudisha jioni. Resori iliyokatwa hairefuki tena. Nilipigania kinachorudi, nikatoa kisichorudi, kwa sababu viti kila mtu anaviona, na chini ya gari hakuna anayeinama kuangalia.

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Beni na gari. Shemeji yetu Siméon akanipigia simu kutoka Mangina: dada yetu Kavuo ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, wauguzi wanataka afikishwe Beni haraka. Nikaenda. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikiwa peke yangu, gari ilikwaruza tumbo lakini ikapita. Kurudi tulikuwa wanne: Kavuo amelala kwenye vile viti nilivyovitetea, mama mkwe wake Berthe amempakata kichwa, Siméon mbele. Kwa uzito ule gari ikakalia matope, jiwe likapasua tumbo la injini, mafuta yake ya kulainisha yakamwagika yote, injini ikakwama. Siméon aliniuliza kwa nini gari yetu iko chini hivi. Nilijifanya natafuta mtandao.

Tukangoja pikipiki. Kavuo akakalishwa kati ya dereva na mumewe. Yeye yuko hai, Sadrack. Mtoto alikuwa msichana, hakulia. Madaktari wanasema hakutakuwa na mwingine.

Kwenye matanga watu wote walilaani barabara. Wakaniomba mimi, mwenye ulimi mkali, niandike juu ya wakubwa wanaoiacha ioze. Nimeandika hivyo miaka mingi, na ni kweli. Nikaandika tena. Karatasi yangu ikasomwa mbele ya watu, wakapiga makofi.

Mais, lakini, nilipokuwa naenda Mangina, nilipishana na taxi ya aina ileile na yetu. Ilikuwa imejaa watu na magunia ya kakao, na ilikuwa imetoka kupita palepale tulipokuja kukwama baadaye. Tumbo lake lilikaa juu ya matope, maana resori zake ni nzima. Nilijua hilo nilipoandika, na nililificha. Kavuo anapona kwa mama mdogo, mtaa wa Beu huko Beni. Karatasi yangu ameiweka chini ya mto, na kila nikienda ananishukuru kwa kumsemea mtoto wake. Siwezi kulala, siwezi kusali.

Mama anakubariki. Majirani wanakusalimu, na jamaa wote wa Lubero pia.

Barua hii uwasomee wenzako wa chama. Ninyi mliokata resori, pigeni magoti leo mwangalie chini ya gari zenu, kisha mwambieni kila anayepanda mlichofanya, kabla hajafunga mlango. Na wewe, mdogo wangu, usinunue matairi. Rudi. Tuingie pamoja kwa Kavuo: wewe useme uliomba, nami niseme nilikubali.

Yaya wako,
Jean-de-Dieu