Lile Jiwe Linisubiri

Brooklyn, 3 Machi

Kaka Cuthbert,

Makaratasi ya ukaazi yametoka! Baada ya miaka kumi na tisa naweza kutoka huku na kurudi. Tiketi ninayo, Aprili niko nyumbani, kisiwani Carriacou.

Pipa la mizigo limeshatangulia kwa meli: mchele, viatu vyako, na kofia ya Shangazi Orinda. Mwambie asianze kuringa nayo kanisani.

Jiwe la kaburi la Mama usilisimamishe bila mimi. Limelala chini ya kitanda chako miaka sita likingoja karamu ya kulisimamisha, mwezi mmoja zaidi halitakufa njaa. Kuku nitachinja mwenyewe, usiniambie mgeni akae. Na siku ya karamu, ile sahani ya marehemu tutakayomwekea mezani, asiipakue mtu. Sikuweza kuja kumzika, Kaka. Acha nimpakulie mimi.

Dadako, anayepanga na kupangua sanduku kila siku,
Verlyn