Hatua Nne Mbele ya Wageni

Mama Limi,

Shikamoo. Leo ni Alhamisi, siku yako, na tangu asubuhi watoto wanageuza shingo kila pikipiki inapokata kona ya shule. Nimewaambia mara ngapi kwamba umefariki? Mmoja aliniuliza kama ukimaliza kufariki utakuja. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Mwaka haujatimia tangu tukusindikize kwenu Ibadakuli. Nilitupa udongo wangu nikarudi Katoro siku ileile, maana kitengo chetu cha elimu maalumu hakina mwalimu mwingine. Watoto kumi na mmoja wenye ulemavu, chumba kimoja, na mimi. Wewe ulikuwa umeshastaafu kazi ya fiziotherapia hospitalini, ungeweza kukaa Geita ukafuga kuku wako. Badala yake kila wiki ulipanda pikipiki kuja kunyoosha viungo vya watoto wasio wako, na bado ukapata muda wa kunigombeza. Unakumbuka siku ya kwanza? Nilishika mguu wa Minza nikauvuta kama mlango uliokwama. Ukanipiga kibao cha mkono. "Usishindane na msuli, Mwalimu. Ungoje mpaka uchoke kukukatalia."

Sasa nisikilize, nina habari, na si nzuri.

Ile barua uliyowaandikia halmashauri, ya kuomba mtaalamu wa kuja shuleni kila wiki, ilijibiwa. Ndiyo, ilijibiwa! Arobaini yako ndiyo kwanza ilikuwa imepita. Walisema wana mtaalamu mmoja na shule mbili zimemwomba, kwa hiyo watatembelea zote mbili waone wenyewe uhitaji uko wapi. Nilirukaruka na ile karatasi ofisini mpaka mwalimu mkuu akaniambia nikae chini.

Nikafanya nini? Nikafanya kile tunachofanya sote tukisikia wageni wanakuja. Nani huku kwetu anampokea mgeni kwenye uchafu? Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Sare zikafuliwa, wanaotokwa na udenda wakafungwa vitambaa vipya. Watoto wakafundishwa wimbo. Na Minza, Mama Limi, Minza nikamfanyisha mazoezi wiki nzima, asubuhi na wakati wa mapumziko, kati ya yale mabomba mawili ya chuma uliyomwagiza fundi atuchomelee. Alikuwa anaweza hatua moja, mbili akiwa na furaha. Nilitaka wamwone amesimama. Nilitaka waone kwamba kazi yako haikufa.

Walifika saa nne, watu watatu na kalamu zao. Minza akashika mabomba, akaangalia mbele, akatembea hatua nne. Nne! Wewe mwenyewe hukuwahi kuziona. Walimu wakapiga vigelegele. Mama yake alikuwa ameomba ruhusa kule kwenye karasha anakoponda mawe ya dhahabu, akalia na vumbi lake usoni. Mgeni mmoja akamnunulia Minza soda. Nikajua tumempata mtaalamu.

Kwenye kitabu cha wageni waliandika: "Watoto wana maendeleo mazuri. Mwalimu anamudu. Hongera." Nilisoma ile hongera mara mbili ndipo nikaielewa. Mtaalamu alikwenda shule ile nyingine, ambako waliwakuta watoto wamelala kwenye mkeka na mwalimu wao hata kufagia hakufagia. Nilimchukia yule mwalimu, nisikufiche. Nilimchukia mpaka nilipokumbuka kwamba wale waliolala kwenye mkeka ni watoto pia.

Wewe usingewaimbia wageni. Ungemlaza Minza chali, ukamvua soksi, ukawaambia wamshike mguu wenyewe waone ulivyokaza. Haya yote niliyajua baadaye, nikiwa nakunja vitambaa vipya.

Nilikwenda Geita kueleza. Mara tatu. Nilisema kwamba wiki ile nilimkamua mtoto, kwamba wageni walipoondoka alilala siku mbili kwa maumivu, kwamba kilichowafurahisha kilikuwa mapokezi. Afisa alinisikiliza kwa upole kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. "Mwalimu, sisi tuliona kwa macho yetu. Sasa tukaandike kwamba hatukuona?" Nikaambiwa nisubiri bajeti. Mungu anisamehe, nilisonya hata kabla sijafika mlangoni.

Wakati nasubiri, Minza alirefuka. Mvua za mwaka huu zilimrefusha kama mahindi, mifupa ikaenda na misuli ikabaki nyuma. Visigino havigusi chini tena. Magoti hayanyooki. Nilijaribu, kila siku nilijaribu, lakini mimi nilijifunza kwa kuitazama tu mikono yako, na kuna mahali nikifika sijui tena kama namnyoosha au namuumiza. Siku moja yule mtaalamu alipita hapa akielekea kwingine, nikamsimamisha barabarani nusura anigonge. Alimpima Minza palepale kwenye benchi. "Huyu nilipaswa kumwona mapema," akasema. "Kwa kutembea, tumechelewa." Labda upasuaji, akaongeza, huko Mwanza, kisha mazoezi ya kila siku kwa mtaalamu. Mtaalamu yupi? Sikumuuliza. Naye alikuwa amechoka, shati limelowa jasho mgongoni.

Mwezi uliopita Minza aliacha shule. Hakuna aliyemfukuza. Mama yake hawezi tena kumbeba mgongoni, na bodaboda wanamkataa kwa sababu miguu haikunjuki wala haikunjiki vizuri. Baba yake alifuata rashi, machimbo mapya ya dhahabu huko porini, na hajarudi. Nilikwenda nyumbani kwao nikiwa nimejiandaa kulaumiwa. Mama Minza akaniwekea kigoda, akafuta mikono kwenye khanga. "Wabeja, Mwalimu," akanishukuru. "Mwanangu alitembea mbele ya wakubwa. Ile siku nimeiona kwa macho yangu. Wenzangu hawajaipata."

Nikapokea uji wake. Sikumwambia kwamba zile hatua nne ndizo zilizotunyima mtaalamu. Yeye anazitunza kama zawadi, na mimi nilikaa pale naona aibu mpaka uji ukapoa mkononi.

Sina matumaini, Mama Limi. Nikudanganye wewe? Nimeandika barua nyingine, safari hii nimetaja kila goti lisilonyooka, jina kwa jina, na hakuna kilichorudi. Mwalimu mkuu anasema niwe na subira. Mimi subira ninayo, ila watoto wanakua, na mwili wa mtoto haujui kusubiri bajeti. Wawili wengine wameanza kukaza kama alivyoanza Minza. Nawaona, na najua kinachokuja.

Pumzika, mama yangu. Kesho kutwa, Jumamosi, nakwenda kwa Mama Minza. Nitamwambia ukweli wa ile siku yake, hata kama atanifukuza. Asiponifukuza nitapiga magoti kwenye mkeka nimnyooshe Minza, Jumamosi hiyo na nyingine zote nitakazojaliwa. Siahidi kwamba atatembea. Mapaja yakikaza zaidi ya hapa hayataachana, na mama yake atashindwa hata kumwogesha. Nakuahidi kwamba Minza ataogeshwa bila kulia.

Mwanao,
Kulwa