Vidole vya Twaibu

Matungu

Kwa Baba Twaibu, huko Doha,

Asalaam aleikum. Miwa ya juu imekatwa, na mama ameacha kukohoa.

Twaibu alipovimba vidole, nilimshuku dada yako Fauzia kwa kijicho. Mtoto alikuwa mzima tangu azaliwe, na siku hiyo ni yeye aliyembeba. Nilimfukuza hata chai hajamaliza.

Daktari wa Kakamega alipima damu, akasema ni selimundu, ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu.

"Mbona hakuugua mapema?" nikauliza.

"Mtoto mchanga hutumia jeni ya damu ya kitoto. Akikua, mwili huizima na kuwasha ya utu uzima. Yake ya utu uzima ina kasoro. Iko dawa ya kuamsha ile ya kwanza."

"Kasoro imetoka wapi?"

"Kwenu wazazi wote wawili."

Nilienda kumwomba Fauzia msamaha. Akalia. "Hata marehemu Sumayya, binti wa mumeo kwa mke wa kwanza, alianza na vidole."

Wewe uliniambia Sumayya aliuawa na malaria.

Twaibu ameanza dawa, analala vizuri. Salamu zako kaa nazo kwanza. Niambie tu: wakati ule wa Sumayya, daktari alikuambia nini?

Mkeo,
Zeituni