Kamba ya Eeddo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefua. Nimepika maharage. Nimelala mchana kama mzee. Miguu imevimba, pete haitoki kidoleni. Joto la mtaa wetu huu wa Galbet leo si la binadamu. Mvua tunaiona kwa mbali tu, inawanyeshea wengine.

Likizo ya uzazi imenichosha. Nawatamani hata wale watundu wa darasa la sita. Ndiyo maana naandika. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho ninachofundisha, na kwa sababu humu ndani hakuna mwenye hamu ya kukisoma.

Mume wangu Bare amepiga simu kutoka Wajir. Chanjo ya mifugo haijaisha, hajui atarudi lini. Mama yake anakuja kesho kutoka Habaswein, atakaa nami mpaka arobaini iishe. Nimesema alhamdulillahi. Moyoni nimesema mengine.

Jumanne, 7 Oktoba

Amefika. Namwita Eeddo, yaani shangazi, kwa heshima. Yeye ananiita Mwalimu. Tumeonana kwenye harusi na Idi mbili, basi. Mrefu, mwembamba, anatembea haraka kuliko mimi. Amekuja na dumu la maziwa ya ngamia, ubani, mafuta ya simsim, na mbuzi. Mbuzi mzima, juu ya pikapu, wa akika ya mtoto ambaye hata hajazaliwa.

Amezaa watoto saba, wote nyumbani, na hakuna jirani aliyewahi kumsikia. Kwao mwanamke akipiga kelele za uchungu anasimuliwa mpaka na wajukuu. Mimi hulia nikijikata kisu.

Naogopa. Naogopa uchungu, na naogopa kuaibika mbele ya huyu mama. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kliniki. Mtoto amekaa vizuri, kichwa chini. Nikamuuliza muuguzi kuhusu ile sindano ya mgongoni. Dada yangu alichomwa Nairobi, akajifungua huku anatuma picha. Muuguzi akacheka, si kwa ubaya. Hapa ile sindano ni ya upasuaji tu. Dawa yetu ni kupumua, mama, akasema.

Kupumua! Nimepumua tangu nizaliwe.

Jioni nimempigia dada. Nimelia. Nimesema nataka kwenda Nairobi, siwezi kuzaa hivi hivi, nitakufa. Akanikumbusha kwamba hakuna daktari atakayeniruhusu safari ile na tumbo hili. Nilipogeuka Eeddo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akakiweka chini, akaondoka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mbuzi amekata kitambaa alichofungiwa, akaenda kula shuka la jirani. Nikatafuta kamba. Kulikuwa na moja kichwani mwa kitanda changu, Eeddo aliitundika pale alipokuwa akipanga vitu. Nene, laini kwa uzee. Nikamfunga nayo kwenye mwarobaini. Sasa ametulia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Eeddo hasemi nami. Anapika, anafagia, ananikanda miguu, lakini mdomo ameufunga. Kukandwa miguu na mtu aliyenuna ni adhabu. Najua ni ile simu. Ananiona mwoga. Na kweli ni mwoga, lakini nilitaka ajue baadaye.

Jumapili, 12 Oktoba

Si simu. Ni kamba.

Bare ameniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. Kamba ile ilisukwa na bibi yake, mama yake Eeddo. Ilifungwa kwenye nguzo ya nyumba, na kila uchungu ulipomshika Eeddo aliivuta. Mara zote saba. Bare mwenyewe alizaliwa hivyo. Sasa ameniletea mimi. Mambo ya uzazi kwao hayazungumzwi kabla ya siku yake, ndiyo maana aliitundika tu akanyamaza. Msichana yeyote wa Habaswein angeelewa. Mimi wa mjini nikamfunga mbuzi.

Nikakimbilia mwarobaini, kama tumbo hili linaweza kukimbia. Mbuzi ameitafuna, imebaki nusu.

Nimempelekea Eeddo kilichobaki. Nimeomba msamaha, machozi yananitoka. Akakigeuza geuza mkononi. Kamba ni kamba tu, Mwalimu, akasema. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mgongo tangu alfajiri. Sijamwambia Eeddo. Amejua. Tuktuk iko mlangoni. Bismillahi.

Jumapili, 19 Oktoba

Msichana. Mzima. Ana nywele nyingi na hasira za baba yake. Alizaliwa juzi baada ya alasiri na mpaka leo sijachoka kumtazama.

Uchungu sitausifia. Ni mbaya. Mwanzoni nilipumua nilivyofundishwa, nikajiona hodari. Halafu nikahisi nyonga zinatenganishwa kwa mikono, na kupumua kwenyewe nikakusahau. Nilitafuta kitu cha kushika, nikakosa. Ukuta, godoro, hewa.

Eeddo akatoa kile kipande cha kamba kwenye mfuko wake. Muuguzi, binti wa Mwingi, mpole, akatikisa kichwa. "Mama, hapa hakuna mahali pa kufunga kamba. Na hiyo ni fupi."

Eeddo akaiangalia kamba, akaniangalia mimi. Nikafikiri sasa atalitaja lile jambo la mbuzi. Akavua garbasaar, mtandio wake mkubwa, akaupitisha kiunoni mwake, akanipa ncha zote mbili. Akasimama miguuni mwa kitanda, akakaza nyayo sakafuni.

"Hakuna nguzo?" akamwambia muuguzi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Basi mimi iko nguzo. Wewe fanya kazi yako, bole bole."

Kisha kwangu, kwa lugha yetu: "Vuta, hooyo."

Hooyo ni mama. Kwetu mama humwita hivyo mtoto aliyemzaa. Mimi kwake nilikuwa Mwalimu.

Nikavuta. Na nilipiga kelele, si kidogo. Wodi nzima ilinisikia. Nilimlaani Bare na ukoo wake wote mbele ya mama yake mzazi. Yeye alikuwa akisema vuta, vuta, basi. Hakuniambia ninyamaze hata mara moja. Kila nilipovuta alikuwa pale pale, hakuyumba. Nilitegemea kiuno cha mwanamke wa miaka sitini na kitu na sikufikiria hata kidogo kama kinauma.

Halafu kichwa, halafu kila kitu kwa pamoja, halafu kilio kisicho changu.

Nikamwambia Eeddo nimekuaibisha. Akasema hakusikia, alikuwa na kazi.

Jumanne, 21 Oktoba

Leo nimemwona Eeddo akibadilisha nguo. Kiunoni kuna mstari mweusi, mpana kama kiganja, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Siku nne amekuwa akiinama kunioshea mtoto, kunipikia uji, kufua vitambaa. Hakusema. Nimeingia chooni nikalia mpaka mtoto akaniita.

Nampenda yule mama. Sikutarajia.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jana tulimchinja mbuzi. Bare alifika asubuhi, amemshika mtoto kama yai. Anaitwa Habiba, jina la yule aliyesuka kamba. Majirani wamekula wakasahau shuka.

Kamba imerudi kichwani mwa kitanda. Pale mbuzi alipotafuna Eeddo ameunganisha, amesukia kipande cha ule mtandio, maana ulichanika. Nimemwambia sina haja nayo hivi karibuni. Akasema si yangu peke yangu, ni ya Habiba pia.

Mvua imenyesha kidogo. Bare yuko msikitini, mtoto amelala. Nimemlaza Eeddo kifudifudi kwa lazima, nikampaka mafuta ya simsim kiunoni. Alikataa, nikamwambia leo mimi ndiye mkunga. Nilipofika kwenye ule mstari akabana pumzi, kimya, kama alivyozoea.

Nikamwambia hapa tuko wawili tu, hakuna wa kusimulia.

Akaachia pumzi. Kisha akaguna. Nikaendelea kukanda. Akaguna tena, kwa sauti.