Mbwa Mkali, Kisu Kikali na Mwaliko wa Dada Yangu

Richardson, Jumamosi ya Agosti

Leo jua limeamka na hasira, na mimi vilevile. Asubuhi usukani wa gari ulikuwa haushikiki kwa joto. Hata hivyo nimeenda maktaba nikiwa na sweta begani, maana majengo ya Texas ndani ni baridi utadhani wanahifadhi nyama.

Shajara, ngoja kwanza nikuambie yanayonikera, kisha nitafika kwenye lililonishangaza.

La kwanza ni mtihani wa kuingia shule ya sheria. Nimewapangia mawakili makaratasi yao kwa miaka, sasa nataka kuwa wakili mwenyewe. Sehemu ya mantiki naimudu, isipokuwa aina moja ya swali. Wanakupa hoja fupi, halafu wanakuwekea machaguo matano na kukuuliza: ni ipi kati ya hizi inayofikiri kwa namna ileile? Mada inaweza kuwa nyingine kabisa. Hoja ya juu inazungumzia samaki, jibu sahihi linazungumzia kodi ya nyumba. Unachotafuta ni jinsi mawazo yalivyopangwa, basi.

Mimi nachagua samaki. Kila mara.

La pili ni dada yangu Nduku.

Nduku ni muuguzi huko Houston. Nilipokuja Marekani nilifikia kwake, kwenye nyumba ya kupanga pale Sharpstown. Tulikuwa na kitanda kimoja: yeye akirudi kutoka zamu ya usiku, mimi naamka, anajitupa kwenye joto nililoacha. Sasa amenunua nyumba yake mwenyewe, na kesho ni maombi ya kuibariki.

Habari hizo nilizipata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Bango lenye maua, anwani, na maneno "Karibuni nyote". Nilialikwa pamoja na binamu, mashemeji na watu ambao hata sijui nani aliwaingiza humo. Kwetu, ndugu wa tumbo moja haambiwi jambo kubwa kwa bango. Anapigiwa simu, tena mapema, mpange pamoja nani atasimamia jiko.

Sikujibu. Wengine waliweka makofi na viganja vya maombi, mimi nikapita kimya kama sikuona. Wiki mbili zimepita, na yeye pia kimya. Nikaamua siendi. Nina mtihani, nilijiambia, na mtu mwenye mtihani ana ruhusa ya kukosa vitu.

Nilijua ni uongo.

Sasa turudi maktaba. Kila Jumamosi nasoma na Furaha, Mkongo wa Bukavu anayeishi Euless, ambaye anajiandaa kwa mtihani huohuo. Ana utulivu ambao mimi sikugawiwa. Leo tulianza na swali hili: kila mbwa mkali hubweka usiku, mbwa wa jirani hubweka usiku, kwa hiyo mbwa wa jirani ni mkali. Hoja mbovu, hata mimi niliona, maana mbwa mpole naye anaweza kubweka. Kazi ilikuwa kutafuta hoja nyingine iliyo mbovu kwa namna hiyohiyo.

Nikachagua ile yenye mbwa. Jibu lilikuwa la mpishi: kila mpishi hodari ana kisu kikali, huyu ana kisu kikali, kwa hiyo ni mpishi hodari.

"Mwende, weye unaangalia vitu, hauangalii njia," Furaha akaniambia. "Tunga yako. Moja yenye iko mbovu, moja yenye iko na nguvu. Miye nitaangalia."

Mbovu ilikuja bila kutafutwa. Kila muuguzi huvaa viatu vya kustarehesha. Mchungaji wetu huvaa viatu vya kustarehesha. Basi mchungaji wetu ni muuguzi. Furaha alicheka mpaka mzee wa meza ya pili akatukoholea.

Kisha nikatunga yenye nguvu. Sijui kwa nini ilitoka hiyo. Labda ilikuwa mdomoni wiki zote mbili.

Mtu asiyekutaka hukualika kupitia kundi. Dada yangu amenialika kupitia kundi. Kwa hiyo dada yangu hanitaki.

Niliisema kwa sauti ya wakili aliyeshinda kesi. Furaha aliiandika chini ya ile ya mchungaji, akaziunganisha kwa mistari ya penseli kutoka juu hadi chini.

"Dada, hii ni ileile ya pasteur."

"Hapana," nikasema. "Hii ni ya kweli."

"Kweli ni kitu ingine. Miye naangalia njia tu. Mutu mwenye anakupenda, yeye hawezi kukuita mu groupe? Ulimuuliza?"

Nilibaki nikitazama ile mistari ya penseli, na sikuumia kama nilivyotegemea. Nilishangaa. Ya mbwa niliikamata mara moja, ya mpishi niliielewa nilipoonyeshwa, na ya mchungaji niliitunga mwenyewe kwa mzaha. Yangu nimeibeba wiki mbili, nimelala nayo, nimeenda nayo kazini, na hakuna siku iliponitia shaka hata kidogo. Kumbe hoja ikigusa mahali panapouma, mtu hakagui tena, anameza tu?

Nilimuaga Furaha nikatoka hadi garini, nikawasha kipoza hewa, nikampigia Nduku.

"Leo umekumbuka una dada?"

"Mbona hukunipigia kuniambia habari za nyumba?"

"Nikupigie nikualike? Kwani wewe ni mgeni? Poster ni ya wageni, Mwende. Wewe nilikuwa nakungoja uni-call, uniulize tunapika nini. Ukanyamaza. Watu wote wame-reply, hata wale wa Minnesota, wewe tu hapana. Nikajua huyu amekasirika, na mimi siwezi kubembeleza mtu mzima."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini akili ilikuwa bado maktaba. Nikayapanga maneno yake chini ya yangu, kama Furaha na penseli yake. Mtu aliyekasirika hunyamaza. Mwende amenyamaza. Kwa hiyo Mwende amekasirika.

Ileile!

Mimi nimenuna Richardson, yeye amenuna Houston, na katikati barabara ya saa nne nzima, tukifikiri kwa namna moja kama tuliofundishwa na mwalimu mmoja. Jambo ambalo ni kweli, maana mama yetu naye hununa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mwenzangu alifika kwenye jibu sahihi kwa njia mbovu. Nilikuwa nimekasirika kweli, na hilo lilinikera zaidi.

"Uko hapo?" akauliza.

"Niko."

"Sasa unakuja ama?"

"Nakuja."

Sauti yake ikashuka.

"Nilimwambia pastor asianze maombi kabla hujafika. Nilimwambia lazima utakuja. Na sikuwa hata najua kama utakuja."

Hapo nililia, Shajara. Si sana, lakini nililia, pale kwenye maegesho ya maktaba, kipoza hewa kikinipuliza usoni. Nilikuwa na hamu na dada yangu. Nilikuwa nayo wiki zote mbili, na hamu hiyo nikaiita hasira.

Nduku hapendi machozi ya simu. Akaniambia nije na ile sufuria yangu kubwa, maana zake ni za watu wawili na pilau ni ya watu sitini. Tena nisithubutu kutaja hoteli, kwa sababu chumba cha nyuma ni changu na shuka ameshatandika. Ameshatandika, na hakujua kama nakuja. Sasa hiyo nayo ni hoja ya namna gani? Nimeitafutia mfano wake kwenye kitabu sijauona.

Jioni hii nimejaribu maswali mengine ya aina ileile. Mengine nimepata, mengine bado nimekimbilia samaki. Sitajidanganya kwamba nimeiva. Ila nimejiwekea desturi: kabla ya kuamini hoja yangu yoyote kuhusu mtu ninayempenda, nitaondoa jina lake, niweke mbwa, nione kama bado inasimama. Je, nitakumbuka siku nikiwa nimekasirika kikweli? Hilo sijui.

Na lile swali la mtihani, ni ipi kati ya hizi inayofikiri kwa namna ileile kama mimi? Ni Nduku, dada yangu wa Houston. Hilo moja nimelipata, na nimelipata bila kuangalia machaguo mengine.

Kesho natoka kabla jua halijaanza hasira zake, sufuria ikiwa kwenye kiti cha mbele, imefungwa mkanda.