Nguruwe Juu ya Paa

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimetamani kumnyonga Colby Dressler! Bi Pruitt, mwalimu wa Kiingereza, katusomea insha "iliyomgusa moyo", moja ya zile tunazopeleka vyuoni kujieleza sisi ni watu gani. Jina la mwandishi kaficha. Inamhusu msichana aliyesimamishwa masomo, marafiki wakamkimbia, akabaki na kijana mmoja mwema aliyemfundisha kujisamehe. Darasa zima likanigeukia. Mwaka huu nani mwingine kasimamishwa kama si mimi? Colby, mwandishi mwenyewe, kainamisha kichwa utadhani yuko kanisani. Bi Pruitt akafuta machozi.

Kijana mwema! Yule nguruwe tulimwiba wote wawili. Ilikuwa wiki ya mechi kubwa — ni sanamu, nembo ya wapinzani wetu, shule ya Alder Falls, tukaipandisha juu ya paa la ukumbi wetu wa mazoezi na tai shingoni. Wazo la Colby. Ngazi ya baba yake Colby. Paa likatoboka, mvua ikaharibu sakafu. Akanililia: Maren, wakinijua sichezi Ijumaa, wewe huchezi chochote, utapoteza nini? Nikamwambia mkuu wa shule nilikuwa peke yangu.

Mjinga mimi!

Jumanne, 7 Novemba

Fomu ya chuo iliuliza: umewahi kuadhibiwa shuleni, au kufanya kosa la kuadhibiwa? Nilijibu ndiyo, nikaeleza. Colby alijibu hapana. Na chuo ni kilekile!

Nimekwenda kwa Bwana Okerlund, mshauri wa wanafunzi. Kanisifu, eti vyuo vinampenda mtu mkweli. Nikauliza kama kwa udadisi tu: na aliyedanganya, akijulikana baadaye? Wanamfuta, kasema, hata kama alishapokelewa.

Nimerudi nyumbani naimba. Mama kauliza kuna mvulana gani. Nikamwambia: yupo, nitakuonyesha anavyoanguka.

Halafu nikiwa naosha vyombo ikanijia. Kwenye maelezo yangu niliandika "peke yangu". Na mimi nimedanganya.

Ijumaa, 10 Novemba

Mama anasema nakata viazi kama vimenitukana.

Nimembana Colby kwenye maegesho. Hakuona haya hata kidogo! "Si nimekupamba? Jina sijalitaja. Na wewe bwana, unapenda kununa." Halafu akaniambia chuo kinamtuma mhitimu wake wa hapa mjini, mzee Tillotson wa duka la matrekta, atuhoji Jumamosi ya wiki ijayo mkahawani. "Gari lenu si bovu? Nitakupitia."

Nikamwambia asante. Nikamchekea na meno yote. Anenepe kwanza.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika nikiwa msalani, mkahawani.

Colby aliingia kwanza. Katoka anang'aa, makombo ya pai kidevuni. Kaninong'oneza: "Mzee laini kama siagi. Mwambie umebadilika, mpige kamba kidogo. Nakusubiri kwenye gari."

Nikakaa. Mzee Tillotson kaagiza kahawa, akaniuliza habari za nguruwe, nikaeleza kama nilivyoandika. Akacheka mpaka akakohoa! Eti enzi zao walimwiba nguruwe huyohuyo, kila kizazi cha mji huu kimemwiba. Nikacheka naye. Nikaanza kumpenda.

Kisha akakoroga kahawa yake. "Lakini ni mzito yule. Sisi tulikuwa wanaume wanne, kumvusha uzio tu nusura tushindwe. Sasa wewe, binti yangu, ulimpandishaje paani peke yako?"

Nikaomba kwenda msalani.

Nikisema kweli, Colby kwisha. Na mimi kwisha — uongo wangu una sahihi yangu chini. Mama kashawatangazia wenzake wote kiwandani kwamba nakwenda chuo. Nikikomaa na uongo wangu, labda mzee atanionea huruma, tutapokelewa wote wawili, na miaka yote ya chuo kijana mwema atazunguka akisimulia alivyoniokoa. Nimeutaka sana huu mchana wa kumwona anaanguka.

Mlango umegongwa. Ni mhudumu. Anasema yule mzee anauliza kama naumwa. Na amemwita yule kijana wa kwenye gari arudi ndani, wako meza moja, wananisubiri.

Nimechungulia. Colby ameshika kofia mapajani, anatazama huku, uso umemwiva. Kiti changu kiko katikati yao.

Nimenawa uso. Kwenye kioo hapa — natabasamu tangu saa ngapi?