Kamera ya Tatu Inatazama Barazani

Jumatatu, 6 Oktoba

Kamera mbili kabla ya chai. Ya duka la dawa ilikuwa na utando wa buibui tu, nimepangusa na kitambaa. Ya pili, panya ametafuna waya.

Mchana kwa Faustin, duka la unga na maharage karibu na soko. Faustin alirudi kutoka Kongo zamani, lakini Kiswahili chake hakijavuka mpaka hadi leo. Kamera yake ya tatu, ya nje, ilikuwa inaonyesha ukungu mtupu. Nikapanda ngazi. Maji ya mvua yameingia kwenye kiungio, shaba imekuwa kijani. Nikakata, nikasafisha, nikaunga upya. Rekoda inayohifadhi picha nayo ni mgonjwa. Betri yake ndogo imekufa. Umeme ukikatika saa yake inasimama, umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia. Nimemwambia anunue betri. Amesema bon, tutaona.

Nikashuka kuangalia picha. Barabara, safi kabisa. Upande wa pili, baraza. Cherehani. Mwanamke ameinama juu ya kitambaa.

Solange. Binti yangu. Sikujua kama amehamia hapo. Mwaka mzima na zaidi sijamwona.

Akainuka kunyoosha mgongo, nikaona tumbo. Miezi sita, labda saba. Mwanangu ana mimba, na aliyeniambia ni kamera.

Nimetokea mlango wa nyuma.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikufanya kazi vizuri. Nimeunga waya mwekundu mahali pa mweusi, nimeunguza adapta ya mtu.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Solange alipokuwa anasoma shule ya Nyundo alikutana na Patrick, kijana wa pikipiki. Akaacha shule mwaka wa mwisho. Nilisimama mlangoni nikamwambia, ukienda na huyo usinijue. Nilidhani atalia, atabaki. Alichukua begi moja. Baba yake angekuwa hai asingeniacha niseme vile.

Majirani bado wananiita Mama Solange. Asubuhi, jioni, nikinunua mkaa, Mama Solange. Kila siku jina hilo linaniuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefanya jambo baya.

Ninapofunga kamera za wateja naziweka kwanza kwenye simu yangu, kuzijaribu. Kazi ikiisha nazifuta. Mume wangu alinifundisha hivyo pamoja na ufundi wenyewe. Ukishatengeneza, toka. Nyumba ya mtu si yako.

Ya Faustin sijaifuta. Leo nimeifungua mara nne.

Solange anaanza kazi saa mbili. Anafagia kwanza. Ana wateja, namshukuru Mungu. Anakunywa chai ndani ya kikombe cha plastiki cha bluu. Anakaa vibaya, mgongo umepinda, nimekuwa nikimwambia hilo tangu ana miaka kumi na mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kwa Faustin kwa kisingizio cha kukaza skrubu. Nikaisogeza kamera kidogo kushoto, baraza lote likaingia kwenye picha. Nilimwambia ni ili aone vizuri barabara. Akafurahi.

Mimi ndiye ninayewaambia wateja wote, elekeza kamera mlangoni kwako, usielekeze kwa jirani, jirani hakukubali kutazamwa. Nina hata sauti maalumu ya kusemea maneno hayo.

Patrick amemletea chakula saa saba. Akamfunulia sahani, akamshikia sufuria ya mchuzi, akasimama mpaka alipomaliza. Kisha akawasha pikipiki akaondoka. Nilitaka kumwona akikosea. Hakukosea.

Jumatano, 15 Oktoba

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa sita. Saa mbili bila kumwona. Nilikuwa kama mvuta sigara aliyeishiwa.

Mchana mvua ikaanza ghafla, ile ya kushuka kutoka milimani bila kuuliza. Solange akasimama kukusanya vitambaa. Akavikunja mkono mmoja, mkono mwingine chini ya tumbo, kama mtu aliyebeba kitu cha kioo. Hivyo hivyo ndivyo nilivyotembea nikiwa naye tumboni, kule Karagwe, ng'ambo ya mpaka, kabla hatujarudi huku.

Nikapiga picha ya skrini. Ninayo kwenye simu. Nimeitazama mpaka macho yakauma.

Ijumaa, 17 Oktoba

Faustin kaita, anasema picha zinakwama. Diski imejaa tu. Nikakuta saa ya rekoda iko nyuma saa mbili kamili. Umeme wa juzi. Betri bado hajanunua. Nikairekebisha kwa simu yangu, nikaondoka. Sikuandika popote, sikumwambia. Nilikuwa na haraka ya kutokuonekana na mtu wa ng'ambo ya barabara.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya misa, Vianney alinisubiri nje. Ni mbeba mizigo wa Faustin, mtu mzima, wajukuu wawili. Anafungua duka, anafunga duka, funguo za mchana anakaa nazo yeye.

Jana Faustin amehesabu stoo, magunia mawili ya unga hayapo. Akaangalia kamera. Akaona watu wawili wamevaa makoti ya mvua, kila mmoja gunia kichwani, wanatoka. Nyuso hazionekani. Saa iliyoandikwa kwenye picha ni saa sita na dakika hamsini, Jumatano. Saa hiyo duka limefungwa kwa chakula na mwenye funguo ni Vianney peke yake.

Amefukuzwa. Kesho kutwa Faustin anampeleka polisi.

"Maman, mi sikuiba kitu," aliniambia. "Saa ile nilikuwa nyumbani nakula. Lakini kamera inasema ingine. Na mutu wote anaamini kamera. Hata mke wangu sasa ananiangalia namna ingine."

Nilimwambia nitaangalia. Nilikuwa nimeshajua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeenda kuona rekodi. Faustin alinionyesha mwenyewe, kidole kwenye kioo.

"Angalia, Mama Fundi. Mutu iko nadanganya, mashini hapana."

Watu wawili, makoti, magunia. Na nyuma yao, upande wa pili wa barabara, mwanangu amesimama anakunja vitambaa, mkono mmoja chini ya tumbo.

Ile saa naijua. Si saa sita na dakika hamsini. Ni saa nane na dakika hamsini, duka liko wazi. Nilikuwa natazama.

Nikamwambia saa ya rekoda haiaminiki, betri imekufa, umeme ulikatika. Akafungua saa ya rekoda akailinganisha na simu yake. Zilikuwa sawasawa. Kwa sababu nilizisawazisha mimi mwenyewe Ijumaa.

"Mbona iko juste?"

Nikasema nimeirekebisha Ijumaa. Akanitazama kwa huruma. Anajua Vianney ni wa kanisa letu. Alidhani namtetea mtu wangu.

Ningeweza kumaliza pale pale. Simu ilikuwa mfukoni. Ile picha ya skrini ina saa mbili, juu saa ya simu yangu, chini saa ya rekoda. Nane na hamsini, sita na hamsini. Mtoto wa shule angeelewa.

Lakini nikiitoa, Faustin atajua ninatazama duka lake. Atajua ninatazama nini. Na nitafukuzwa kwenye hiyo kamera, na Solange atasikia.

Nikafunga mdomo. Nikarudi nyumbani. Ninajichukia. Mtu anaitwa mwizi ili mimi niendelee kumwona binti yangu akinywa chai.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeenda asubuhi kabla sijanywa chochote, nisije nikapata muda wa kufikiri.

Vianney alikuwa ameshakaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa shati la kanisani, anasubiri kupelekwa. Nikaweka simu juu ya meza mbele ya Faustin. Nikamwonyesha saa ya juu, nikamwonyesha saa ya chini.

Alielewa haraka. Kisha akaelewa la pili.

"Attends, ngoja. Hii picha umeipata wapi?"

"Kwenye kamera yako."

"We unaangaliaka duka yangu?"

"Siangalii duka. Naangalia barazani. Yule mshonaji ni mwanangu."

Akageuka akatazama nje, akanitazama mimi, akatazama nje tena. Nadhani alikuwa anatafuta sura.

Vianney alikuwa amesimama. Akasema taratibu, "Patron, saa nane na nusu ulinituma kwa kinu cha kusaga unga. Duka alibaki nayo madame."

Mke wa Faustin yuko Kigali tangu Alhamisi, kwa dada yake aliyejifungua. Faustin akampigia, akaweka sauti nje. Sote tulisikia. Magunia mawili ni ya kwaya, kwa chakula cha sherehe kule Nyundo. Kaka yake na rafiki yake ndio waliokuja kuyachukua, mvua inanyesha, wakaazima makoti. "Si nilikuambia usiku ule? Ulikuwa unasikiliza mpira!"

Faustin akasimama akamshika Vianney mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa Kinyarwanda, polepole, mbele ya wateja. Vianney alitikisa kichwa. Hakutabasamu. Alivua shati la kanisani, akalikunja, akabaki na fulana, akaenda kwenye magunia. Sijui kama mtu anarudi kazini mahali alipoitwa mwizi. Yeye amerudi. Ana wajukuu.

Mimi sikusubiri nifukuzwe. Nikafuta kamera kwenye simu Faustin akiona. Nikafuta na picha. Nikampa rekoda aweke neno la siri jipya, nikageuka ukutani akiandika. Nikatia betri, nilikuwa nimeibeba. Nikapanda ngazi nikaigeuza kamera ya tatu, ikatazama mlango wake na ngazi zake, basi.

"Kazi yako ni muzuri," Faustin alisema nikishuka. "Lakini mi nitatafuta fundi mwingine. Utanisamehe."

Ana haki.

Nikavuka barabara. Hatua ishirini hivi. Bora asikie kwangu kuliko kwa mteja.

Solange aliniona nikiwa katikati ya barabara. Hakuinuka. Miguu yake ilisimamisha cherehani.

Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtu anayetoa taarifa. Kamera, simu, siku ngapi. Kuisogeza kushoto. Picha ya mvua. Sikulia, sikutaka alazimike kunihurumia.

"Wiki mbili," akasema.

"Wiki mbili."

"Ukaniona natapika Jumatatu?"

"Nilikuona."

"Ukaniona nalia?"

Hiyo sikuiona. Nikamwambia hivyo. Sijui alilia lini.

"Mama. Macho yaliweza kuvuka, miguu ikashindwa?"

Nikatazama viatu vyangu, vina vumbi la hatua ishirini.

"Nilidhani hapa niko peke yangu," akasema. "Nilikuwa najisikia huru, unajua? Hakuna anayeniangalia nimekaaje." Akaanza kushona. Nilisimama kidogo, sindano inapanda inashuka. Kisha nikaondoka.

Jumatano, 22 Oktoba

Hakuna.

Mkono unaenda kwenye simu wenyewe. Hakuna cha kufungua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimepita kwa pikipiki nikitoka Nyamyumba kwenye kazi. Cherehani haipo barazani. Ameiingiza ndani, mlango umerudishwa nusu.

Nimemnyang'anya mwanga wa kushonea. Kwa mtu wa uzi na sindano hilo si dogo.

Namtamani mwanangu. Hata kwenye picha nilikuwa namtamani, na picha ilizidisha tu. Nilikuwa najua ameinuka saa ngapi, amekunywa nini. Sikujua anawaza nini. Sikujua kama anaogopa kujifungua. Mimi niliogopa sana.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimeamka na uamuzi. Nikaoga, nikachukua kitenge nilichokuwa nimekiweka kabatini, nikaenda kwa miguu. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikabisha.

Mteja mmoja alikuwa ndani, mama anayeuza nyanya. Nikakaa kwenye benchi nikasubiri zamu yangu kama watu wote. Chumba kina dirisha dogo. Ukutani kuna nguo tatu zilizokwisha na picha ya Patrick akiwa mtoto, kofia kubwa kuliko kichwa.

Mama wa nyanya akatoka. Solange akanitazama.

"Nimekuja kushonesha," nikasema.

Nje watu walikuwa wanapatana bei ya ndizi. Kisha akashika meza akainuka, akachukua utepe shingoni mwake.

"Simama basi."

Akanipima mabega. Akanipima mikono. Akaja mbele, akazungusha utepe kifuani kwangu, na ili aufikishe ilimbidi asogee kabisa, tumbo lake likagusa langu. Gumu, na moto. Hakujitoa haraka.

Alikuwa anasema namba kwa sauti ndogo na kuziandika kwenye daftari. Alipofika kiunoni akarudia kupima.

"Umekonda, Mama."

"Kidogo."

Akaandika. Akaniuliza mikono mirefu au mifupi. Nikasema mirefu. Akanikatia kipande cha kitenge pembeni, akakifunga kwenye daftari kwa pini, juu yake akaandika jina la mteja. Niliinama kusoma. Hakuandika jina langu la ubatizo.

Mama Solange.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Nikamuuliza kama naweza kukaa mpaka ipite. Akasogeza vitambaa kwenye benchi. Nikakaa. Akashona.